Gridi za ramani ya dunia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yeyote aliyewahi kupewa "SB-37", "KI93ou" au "37M EP 208 190" akabaki anaikodolea macho. Katika majibu karibu yote nitatumia mahali pamoja tu: bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe, Zanzibar. Iko takriban nyuzi 6 na dakika 10 kusini mwa Ikweta, nyuzi 39 na dakika 11 mashariki mwa Greenwich. Utaona inavyobadilishwa jina kila inapoingia kwenye gridi nyingine, ilhali yenyewe haijasogea hata hatua moja.

Kama latitudo na longitudo zipo, visanduku vya nini tena?

Latitudo na longitudo hutaja nukta. Kisanduku hutaja eneo, na mara nyingi eneo ndilo tunalolijua kweli. Nahodha aliyeandika "mvua kubwa, upepo wa kusi" hakupima nukta ya mvua. Alijua yuko sehemu fulani ya bahari. Mtafiti aliyekuta kipepeo msituni anataka kujua ni visanduku vingapi vya nchi vina kipepeo huyo. Kisanduku kina namba fupi, kinatamkika redioni, kinahesabika, na hakijifanyi kina usahihi ambao aliyeandika hakuwa nao. Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nizipende gridi.

Nani alianza kuipa dunia namba za visanduku?

Mmoja wa wa mwanzo ni William Marsden, aliyekuwa katibu wa makao ya jeshi la majini la Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19. Kumbukumbu za hali ya hewa zilikuwa zikiletwa na meli kutoka bahari zote, na zilihitaji kupangwa. Aliigawa dunia katika visanduku vya nyuzi 10 kwa 10, kila kimoja na namba yake. Namba zinaanzia Greenwich na kwenda magharibi, zikizunguka dunia nzima hadi kurudi zilipoanzia. Ndiyo maana Zanzibar, ambayo iko mashariki ya Greenwich, inahesabiwa karibu na mwisho wa mzunguko: kisanduku cha 332. Ndani yake kuna vidogo 100 vya nyuzi 1 kwa 1. Forodhani imo katika cha 69, yaani 6 ya latitudo na 9 ya longitudo. Ukishalijua hilo, huhitaji jedwali tena kwa vile vidogo.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani lina namba zake zilizo rahisi zaidi kukisia. Tarakimu ya kwanza hutaja robo ya dunia: 1 kaskazini-mashariki, 3 kusini-mashariki, 5 kusini-magharibi, 7 kaskazini-magharibi. Inafuata makumi ya latitudo, kisha makumi ya longitudo kwa tarakimu mbili. Forodhani ni 3003.

"SB-37" ni nini?

Ni jina la karatasi ya ramani. Mwaka 1891, kwenye mkutano wa wanajiografia uliofanyika Bern, Uswisi, Mjerumani Albrecht Penck alipendekeza dunia nzima ichorwe kwa kipimo kimoja cha 1:1,000,000, kila nchi ikichora sehemu yake kwa mtindo mmoja. Taratibu zikajadiliwa London mwaka 1909 na Paris mwaka 1913. Ramani yenyewe haikukamilika kamwe. Namba zake ndizo zilizobaki, na bado tunazo mikononi.

Herufi ya kwanza ni kizio: N kaskazini, S kusini. Ya pili inahesabu safu za nyuzi 4 kutoka Ikweta: A ni 0 hadi 4, B ni 4 hadi 8, na kuendelea. Namba inahesabu safu wima za nyuzi 6, kuanzia longitudo 180 katikati ya Pasifiki kuelekea mashariki. Kwa hiyo Zanzibar na Dar es Salaam ni SB-37, Nairobi na Arusha ni SA-37, Mwanza SA-36, Kampala NA-36, Bujumbura SA-35, Lubumbashi SC-35. Mombasa iko nyuzi 4 na dakika 3 tu kusini, hivyo imeuvuka mpaka kwa umbali wa matembezi: ni SB-37, si SA-37.

Kanda za UTM ni zilezile?

Safu wima ni zilezile 60, ndiyo. UTM ni mfumo unaochukua kila ukanda wa nyuzi 6 na kuulaza kwenye karatasi kivyake, kama unavyomenya chungwa kwa vipande vyembamba ili kila ganda lilale bila kuchanika sana. Kuupata ukanda wako: chukua longitudo, jumlisha 180, gawa kwa 6, acha desimali, ongeza 1. Forodhani: 39.19 na 180 ni 219.19, gawa kwa 6 upate 36 na kitu, ongeza 1, ni 37. (Longitudo ya magharibi inaingia ikiwa hasi.)

Kwetu mistari inayokata ni longitudo 30 na 36, na hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Mji wa Dodoma uko ukanda wa 36, lakini ukishika barabara ya Morogoro hujafika mbali kabla ya kuingia ukanda wa 37. Kongwa tayari iko huko. Kenya, Molo ni 36 na Nakuru ni 37. Rwanda, mstari wa 30 unapita kilomita chache tu magharibi ya Kigali: Kigali ni 36, Muhanga ni 35. Ukiwa na mradi unaovuka mstari, chagua ukanda mmoja kwa kazi yote na uandike wazi kwamba umefanya hivyo. Usichanganye namba za kanda mbili kwenye jedwali moja. Kompyuta itazichora zote bila kulalamika, na nusu ya visima vyako vitahamia mkoa mwingine.

Nimepewa "520800, 9319000". Hizo ni kilomita kutoka wapi?

Ni mita, na hiyo ni Forodhani katika ukanda wa 37 kusini (takriban). Namba ya kwanza inapimwa kuelekea mashariki. Mstari wa katikati wa kila ukanda umepewa 500,000 badala ya sufuri, ili aliye magharibi yake asipate namba hasi. Mstari wa katikati wa ukanda wa 37 ni longitudo 39. Basi 520,800 inakuambia kwamba Forodhani iko karibu kilomita 21 mashariki ya mstari huo.

Namba ya pili inapimwa kuelekea kaskazini. Kwa walio kusini, Ikweta imepewa 10,000,000 na namba zinapungua kadiri unavyoshuka. Toa 9,319,000 kwenye milioni kumi upate 681,000: Forodhani iko kilomita 681 kusini mwa Ikweta. Walio kaskazini, kama Kampala, wanaanza na sufuri kwenye Ikweta.

Nimeziingiza namba kwenye simu na kidoti kimetua kwenye barafu. Nimekosea wapi?

Kila kosa lina mahali pake pa kutua, kwa hiyo angalia kidoti kimeangukia wapi.

Kama kiko kwenye Bahari ya Aktiki, umechagua kizio cha kaskazini badala ya kusini. Namba za Forodhani zikisomwa hivyo zinakupeleka karibu nyuzi 84 kaskazini.

Kama kiko bara, kusini ya mji wa Tabora, umeweka ukanda wa 36 badala ya 37. Nyuzi 6 hapa kwetu ni zaidi ya kilomita 660.

Kama kiko Syria au mashariki ya Uturuki, au programu imekataa kabisa, tatizo ni herufi "S". Hili linawapata hata wazoefu. Katika UTM ya kawaida watu huandika "37S" wakimaanisha ukanda wa 37, kusini. Lakini mfumo wa kijeshi unaotokana nayo huita mikanda ya latitudo kwa herufi, na huko S ni nyuzi 32 hadi 40 kaskazini. Mkanda wetu, Ikweta hadi nyuzi 8 kusini, ni M. Kuanzia nyuzi 8 hadi 16, yaani Mbeya na Mtwara, ni L. Kampala ni N, ambayo kwa bahati nzuri inafanana na kaskazini kwa Kiingereza. Mimi huandika "37 kusini" kwa maneno. Herufi tano za ziada hazijamchosha mtu.

Na "37M EP 208 190" inasomwaje?

Huo ndio mfumo wa kijeshi wenyewe. 37M ni ukanda na mkanda. EP ni kisanduku cha kilomita 100 kwa 100 ndani yake. Tarakimu sita zilizobaki zinagawanywa katikati: 208 kwenda mashariki, 190 kwenda kaskazini.

Chukua karatasi ya 1:50,000 yenye gridi hiyo. Mistari imeachana sentimita 2, ambazo ni kilomita moja ardhini. Tafuta mstari wa wima ulioandikwa 20. Kutoka hapo gawa nafasi hadi mstari wa 21 katika sehemu kumi za milimita 2 kila moja, na uhesabu 8: uko milimita 16 kulia. Sasa tafuta mstari wa mlalo wa 19, uhesabu sehemu 0: uko juu ya mstari wenyewe. Wanafunzi wengi huifuta ile sufuri ya mwisho kwa kuona haina kazi. Bila sufuri zinabaki tarakimu tano, hazigawanyiki katikati, na anayesoma hajui amalize upande gani. Anza na mashariki, malizia na kaskazini, na tarakimu za pande zote mbili ziwe sawa kwa idadi. Tarakimu sita zinakuweka ndani ya mita 100. Nane ndani ya mita 10.

Kwa nini ramani ya zamani na GPS vinapishana mita mia tatu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa uchungu zaidi, na nina sababu ya kulielewa.

Kabla ya setilaiti, kila eneo la dunia lilichagua umbo lake la kukadiria dunia na mahali pa kuanzia kupima. Kusanyiko hilo la makubaliano linaitwa datamu. Karatasi nyingi za 1:50,000 za Kenya, Uganda na Tanzania zimechorwa kwa datamu ya Arc 1960. Simu yako na vipokezi vya GPS vinatumia WGS 84. Zote mbili zina ukanda wa 37, zote zina mita, zote zina namba zinazofanana sura. Lakini ukichukua namba za Arc 1960 na kuzifuata kwa GPS iliyowekwa WGS 84, utafika takriban mita 300 kaskazini ya mahali penyewe, na kama mita 90 magharibi.

Miaka ya nyuma nilifuatana na kikundi kilichokuwa kinatafuta kisima cha zamani cha kijiji. Tulikuwa na fomu iliyojazwa kwa mwandiko mzuri, tarakimu zote kamili, ila hakuna aliyeandika datamu. GPS ilituongoza hadi katikati ya shamba la mihogo. Tulizunguka tangu asubuhi hadi jua la utosi, tukaanza kuamini kisima kimefukiwa. Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia ndiye aliyetuuliza tunatafuta nini. Akanyoosha jembe kuelekea kusini, ng'ambo ya korongo: "Kisima kiko pale chini ya mbuyu, wanangu, siku zote kipo pale." Kifuniko cha zege kilikuwa mahali pake, na umbali ulikuwa mita mia tatu na kitu. Tangu siku hiyo, fomu isiyo na datamu siipokei.

Dawa yake ni kwenda kwenye mipangilio ya kipokezi na kuchagua Arc 1960 kabla ya kuingiza namba, au kuzibadilisha kwa programu ya ramani. Usijaribu kutoa 300 kwa kichwa ukadhani umemaliza. Kwa kutafuta mbuyu itatosha, kwa mpaka wa kiwanja haitoshi. Mambo ya viwanja muachie mpima ardhi mwenye leseni.

Karatasi ya Nairobi imeandikwa 148/4. Hiyo nayo ni gridi?

Ndiyo, ya nchi. Karatasi kubwa namba 148 ni ya dakika 30 kwa 30, na imekatwa mara nne: 1 juu kushoto, 2 juu kulia, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Kila robo ni karatasi moja ya 1:50,000 yenye dakika 15 kwa 15. Tanzania inatumia mtindo huohuo.

Sasa tahadhari. Watu wa madini na miamba husema "robo nyuzi" wakimaanisha dakika 30 kwa 30, kwa sababu eneo hilo ni robo ya kisanduku cha nyuzi moja. Watu wa ndege, mimea na wanyama husema "robo nyuzi" wakimaanisha dakika 15 kwa 15, kwa sababu kila upande ni robo ya nyuzi. Wote wako sahihi kwa hesabu yao, ila eneo la wa kwanza ni mara nne ya la wa pili. Mtindo wa watu wa viumbe, ulioenea kutoka Afrika Kusini, huandika latitudo na longitudo kisha herufi mbili: A juu kushoto, B juu kulia, C chini kushoto, D chini kulia, mara mbili. Forodhani ni 0639AA. Johannesburg ni 2628AA. Ukikuta namba yenye herufi mbili mwishoni, kisanduku ni cha dakika 15.

Ile misimbo yenye alama ya kujumlisha kwenye Google Maps ni gridi?

Ni gridi safi kabisa, na yeyote anaweza kuitumia bure. Visanduku vya kwanza ni vya nyuzi 20 kwa 20. Kila jozi ya herufi inayofuata inagawa upande katika sehemu 20, hadi kufikia kisanduku cha kama mita 14 kwa 14. Inatumia herufi na tarakimu 20 tu, na irabu zimeachwa ili msimbo usije ukatokea kuwa neno, pengine la matusi, katika lugha ya mtu. Forodhani inaanza na 6G5XR5. Nairobi inaanza na 6GCR.

Watu hupenda kuacha zile nne za kwanza na kutaja jina la mji badala yake. Ni sawa, mradi mji uwe wa karibu. Zanzibar mjini na Dar es Salaam zote zimo ndani ya 6G5X, kwa hiyo mtu anaweza kudhani jina lolote kati ya hayo mawili litafaa. Halifai. Programu hutafuta kisanduku kilicho karibu zaidi na mji uliotajwa, na Forodhani iko zaidi ya nusu nyuzi kaskazini ya Dar es Salaam. Ukiandika msimbo mfupi wa Forodhani ukataja Dar es Salaam, utapelekwa nyuzi moja nzima kusini, maeneo ya Mkuranga. Mleta mzigo atakuwa njiani na wewe unamsubiri baharini. Kama huna uhakika, toa msimbo mrefu.

KI93 ni nini? Rafiki yangu wa redio anaiandika kila mahali.

Ni gridi ya waongeaji wa redio wa ridhaa, iliyokubaliwa mwaka 1980 katika mji wa Maidenhead, Uingereza. Herufi mbili kubwa ni eneo la nyuzi 20 za longitudo kwa 10 za latitudo, tarakimu mbili zinashuka hadi nyuzi 2 kwa 1, na herufi mbili ndogo hadi dakika 5 kwa 2.5. Zanzibar na Dar es Salaam zote ni KI93, Mombasa KI95, Nairobi KI88, Kampala KJ60. Sauti ikiwa hafifu na kelele nyingi, herufi nne zinapita pale ambapo latitudo na longitudo zisingepita.

Na picha za setilaiti?

Landsat zina gridi yao ya njia na safu: Dar es Salaam ni njia ya 166, safu ya 65; Nairobi ni 168 na 61. Safu ya 60 iko Ikweta, hivyo namba inakuambia mara moja uko mbali kiasi gani nayo. Sentinel-2 zimeazima visanduku vya kijeshi vya kilomita 100: Forodhani itafute katika T37MEP.

Visanduku vyote vina ukubwa sawa?

Hapana. Nyuzi moja ya longitudo ni kama kilomita 111 kwenye Ikweta, na nusu yake tu kwenye latitudo 60. Ukihesabu "visanduku vyenye simba" Tanzania na kulinganisha na "visanduku vyenye dubu" Norwei bila kurekebisha eneo, umelinganisha gunia na kikapu. Norwei hata UTM iliwasogezea mistari: ukanda wa 32 umepanuliwa ili pwani yao ya kusini-magharibi isikatwe.

Walioteswa na tatizo hili wamegeukia pembesita. H3, iliyotolewa wazi na Uber mwaka 2018, inaanza na visanduku 122 vya dunia nzima: pembesita 110 na pembetano 12. Pembesita peke yake haziwezi kuufunika mpira, ndiyo maana hata mpira wa miguu wa kushonwa una pembetano zake. Walizitupa zote 12 baharini ili zisimsumbue mtu. Hata hizo pembesita hazilingani kabisa, ila tofauti ni ndogo kuliko ya nyuzi.

Kwa nini hakuna I wala O?

Kwenye UTM ya kijeshi zimerukwa kwa kuwa hufanana na 1 na 0. Gridi ya redio inazo, kwa hiyo kwenye KI93 hiyo ni I ya herufi.

Niandike vipi ili anayenifuata asipotee?

Taja mfumo, ukanda, kizio, datamu, kisha namba. Kwa Forodhani ningeandika hivi: "UTM ukanda wa 37 kusini, WGS 84, mashariki 520800, kaskazini 9319000." Halafu chini yake mstari mmoja wa maneno: "Bustani ya Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe, upande wa bahari." Tarakimu moja ikikosewa kwenye kunakili, mstari huo wa maneno ndio utakaomfanya msomaji aone kwamba kidoti kimetua mahali pasipo na ngome.